Moto ukizuka angani: mwongozo wa somo na zoezi kwa klabu za sayansi za skuli

Mwongozo huu ni wa walimu na viongozi wa klabu za sayansi katika skuli za Unguja na Pemba. Unahitaji mchana mmoja, ngazi, simu yenye kamera nzuri na mtu mzima asiye na papara. Kazi ina sehemu mbili. Kwanza mnaangusha mshumaa unaowaka ndani ya kopo, muone moto unavyokuwa pale ambapo hakuna juu wala chini. Kisha mnafanya zoezi la dharura la watu saba, kwa utaratibu unaofanana na ule wa Kituo cha Anga cha Kimataifa. Sehemu ya kwanza ndiyo watoto huipenda. Ya pili ndiyo yenye mafunzo zaidi, kwa hivyo usiiachie dakika kumi za mwisho.

Jambo moja lishikwe tangu sasa, maana kila hatua itarudi kwake: angani, anayezima feni ndiye aliyeanza kuzima moto. Mwenye mtungi anakuja nyuma yake.

Na mwanafunzi akikuuliza mambo ya anga yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani, mwambie habari za Tunguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga pale kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wa mradi huo, John Glenn, alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyokuwa katika mtandao wa kumfuatilia. Kituo kile kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kinachotuhusu leo ni hewa aliyokuwa akiivuta Glenn alipokuwa akipita: oksijeni tupu, kwa mgandamizo wa karibu theluthi moja ya huu wetu. Moto ungezuka, kinga yake kubwa ilikuwa kufungua vali na kuitoa hewa yote nje, mwenyewe akibaki hai ndani ya suti yake. Chombo kilikuwa kidogo kiasi hicho, hakuna pa kukimbilia.

Vifaa

Tafuta kopo la plastiki linaloonyesha, lenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, la lita tatu au zaidi. Makopo ya pipi na biskuti yaliyokwisha ndiyo bora, na wenye maduka wa Darajani au Chake Chake hawayauzi ghali. Usitumie kioo hata kama unacho kizuri. Mshumaa uwe ule wa kawaida tunaowasha umeme ukikatika. Kata kipande cha urefu wa kidole gumba. Mshumaa wa keki hauna nguvu, mtikiso mdogo tu unauzima, halafu hamtajua kama umezimwa na anguko au na mkono wa aliyeshika.

Piga skrubu fupi kutoka nje ya kifuniko hadi ncha itokeze ndani, kisha kandamiza kitako cha mshumaa juu ya ncha hiyo na uongeze nta kidogo iliyoyeyuka. Mshumaa usiposhikwa na skrubu utang'oka kopo likifika chini.

Vingine: godoro la sponji, blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa la kulifunika godoro, ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, kiberiti, na kreti la plastiki la kubebea mikate. Simu iwe inayorekodi picha 240 kwa sekunde. Yenye 120 nayo inafaa. Kwa sehemu ya pili tayarisha maboksi manne au matano ya kadibodi, chupa tupu za maji za lita moja na nusu, barakoa au vitambaa vya kufunga pua, bahasha na kadi.

Kabla ya kiberiti kuwashwa, mikono ya mashati ikunjwe na mitandio ifungwe nyuma, isiwe na ncha inayoning'inia. Anayewasha ni mwalimu. Hapa hakuna mjadala.

Kuangusha mshumaa

Eleza kwanza kwa nini tunaangusha. Wengi wanaamini huko juu mvutano wa dunia umekwisha. Haujakwisha. Kituo cha Anga kinazunguka kwenye kimo cha kama kilomita 400, na mvutano pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao kwenye ngazi ya skuli. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao, chombo chao na kijiko chao cha chakula wanaanguka pamoja muda wote, ila wanakwenda mbio kiasi kwamba dunia inajikunja chini yao kabla hawajaifikia. Kopo lako likiachiwa, kila kilichomo kinaanguka pamoja vilevile. Kwa muda wa anguko hilo, mshumaa wako hauna tofauti na wa angani.

Muda wenyewe ni mfupi. Kutoka mita mbili ni sekunde 0.64, kutoka mita tatu, 0.78. Msione haya kwa ufupi huo, kwani wataalamu nao wanafanya hivihivi. Huko Cleveland, Marekani, kuna shimo la utafiti ambamo kifaa huanguka mita 132 kwa sekunde 5.18, na mnara wa Bremen, Ujerumani, unatoa karibu sekunde 4.7. Tofauti yao na ninyi ni urefu wa ngazi na bajeti.

Chagua ngazi yenye kivuli, au fungeni madirisha. Mwali wa anguko ni wa buluu hafifu, na jua la saa nane la visiwani linaufuta kabisa. Kopo likiwa limefungwa upepo hauna la kufanya, ila msimu wa kusi kiberiti hakikai nje, kwa hivyo ndani ni bora.

Weka godoro na blanketi lake bichi pale chini. Washa mshumaa uliosimama kwenye kifuniko, ufunike kwa kopo lililoinamishwa, kaza. Mshumaa uwe wima, kifuniko chini. Hesabu mpaka tatu ili mwali utulie, kisha uachie. Usisukume, usirushe, usizungushe. Fungua vidole tu. Usichelewe, maana oksijeni ya ndani ya kopo inapungua na mshumaa utajifia wenyewe, kisha darasa zima litapiga makofi kwa sababu isiyo yake.

Mara mbili tatu za kwanza tazameni kwa macho. Mtaona mwali umefifia ghafla, na kopo linapogonga godoro ama umezimika ama umeruka juu tena ukawa wa manjano. Halafu ingizeni kreti. Ukipiga picha ukiwa umesimama pembeni, kopo linapita mbio na picha inakuwa ukungu. Lifunge kopo upande mmoja wa kreti kwa mpira au kamba, na upande wa pili funga simu iliyozungushiwa sponji, kamera ikiliangalia kopo. Viachie vyote pamoja. Sasa simu na mwali vinaanguka kwa mwendo mmoja, na kwenye picha kopo linaonekana limetulia tuli. (Simu iwe ya zamani, na iwe yako. Usimwombe mzazi.) Kutoka mita mbili utapata picha kama 150 za anguko lenyewe, na zikichezwa polepole ni sekunde tano za kutazamwa vizuri.

Wape wanafunzi karatasi wachore mwali kabla, katikati na baada. Usiwaambie watakachokiona. Kabla ya anguko mwali ni mrefu, una ncha, ni wa manjano. Katikati ncha imepotea, mwali umejikunja ukawa mfupi na mviringo, rangi imehama kwenda buluu.

Ndipo ueleze. Hapa chini, hewa iliyopashwa moto ni nyepesi, kwa hivyo inapanda, na ya baridi inaingia kwa chini ikileta oksijeni mpya. Mwali unajilisha wenyewe. Masizi yanayovutwa juu ndiyo yanayong'aa manjano. Katika anguko hakuna kizito wala chepesi, hewa moto haina pa kupanda, inabaki imeuzunguka mwali. Oksijeni inafika kwa kujipenyeza polepole tu, na mwali unakula kidogo kwa sababu unapata kidogo. Mishumaa imewashwa kweli angani, katika chombo cha Columbia mwaka 1992 na baadaye ndani ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, na ilionyesha umbo hilihili: nusu mviringo wa buluu.

Mtego wa hapa

Mwanafunzi mwerevu atasema: basi angani moto si hatari, unajizima. Msifu, kisha umgeuze. Mimi huona dakika hizi ndizo kiini cha somo zima, kwa hivyo usizipitie mbio.

Ndani ya chombo cha angani hewa haiachwi itulie hata dakika moja. Ikitulia, pumzi anayoitoa aliyelala inabaki imemzunguka kichwa, naye anavuta hewa ukaa yake mwenyewe mpaka aamke na kichwa kinachopasuka. Kwa hivyo feni zinafanya kazi usiku na mchana. Na feni hizo, moto ukizuka, zinaufanyia kile ambacho kipepeo kinalifanyia jiko la makaa. Upepo ule mdogo, hata ule usiousikia kwenye shavu, unatosha kuurudishia mwali oksijeni uliyonyimwa. Zaidi ya hivyo, majaribio yameonyesha kuwa kuna vitu ambavyo, vikipata upepo hafifu wa namna hiyo, huwaka angani katika hewa yenye oksijeni chache kuliko ile vinayohitaji hapa duniani. Kitu kilichofaulu mtihani wa moto maabara ya chini hakijawa salama huko juu.

Plastiki nayo ina vitimbi vyake. Inapoyeyuka inafanya mapovu, mapovu yanapasuka na kurusha matone yanayowaka, na kwa kuwa hakuna chini, matone yanakwenda kila upande. Mwaka 2012, watafiti waliokuwa wakichoma matone ya mafuta ndani ya Kituo cha Anga waliona jambo ambalo hawakulitarajia: mwali umezimika, jicho halioni kitu, lakini tone linaendelea kuungua kwa moto wa joto la chini. Kutoonekana kwa mwali si ushahidi wa kuzimika.

Kwa miaka mingi vipande vilivyochomwa angani vilikuwa vidogo, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwasha moto mkubwa ndani ya nyumba yenye watu. Tangu 2016, majaribio yaitwayo Saffire yalifanywa ndani ya vyombo vya mizigo vya Cygnus vilivyokwishaondoka Kituoni, bila mtu ndani, vikiwa njiani kuungulia kwenye angahewa. Katika la kwanza kilichomwa kitambaa cha pamba na nyuzi za kioo, urefu wake kama mita moja.

Hapo ndipo neno la feni linapoeleweka. Ukizikata feni umeurudisha moto kwenye hali ya lile kopo linaloanguka.

Hewa ya ndani

Hili lipite kwa ufupi, lakini lisiachwe. Kituo cha Anga kina hewa kama yetu: oksijeni asilimia 21 hivi, nyingine karibu yote naitrojeni, kwa mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari. Sababu mojawapo ya uangalifu huo ni Apollo 1, chombo cha mradi wa Wamarekani wa kwenda mwezini. Tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa kwenye majaribio huko Florida, chombo kikiwa ardhini juu ya roketi isiyo na mafuta. Ndani kulijazwa oksijeni tupu kwa mgandamizo uliozidi ule wa nje. Moto ulipozuka ulienea kwa sekunde chache, na mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, ukishindiliwa na hewa ileile iliyotanuka kwa joto. Wote watatu walifariki. Baada ya hapo mlango ulibuniwa upya ukawa wa kufungukia nje, vitu vinavyoshika moto vikapunguzwa, na chombo kikiwa ardhini oksijeni ikachanganywa na naitrojeni.

Ukiwasimulia watoto, usiongeze chumvi. Habari yenyewe inatosha.

Kutayarisha chumba cha zoezi

Panga madawati mpate vyumba vitatu vilivyofuatana, na kati ya chumba na chumba acha nafasi ya kupita mtu mmoja tu. Kila mwisho weka viti: upande mmoja viti vinne, upande mwingine vitatu. Hivi ndivyo vyombo vya kurudia nyumbani. Kituoni mara nyingi wanakaa watu saba, wanne waliokuja na chombo cha Kimarekani, Dragon, na watatu na cha Kirusi, Soyuz, na kwa kawaida kila mmoja anarudi na chombo alichojia, kwenye kiti chake. Waandike wanafunzi nani wa wapi.

Maboksi ya kadibodi ndiyo makabati ya vifaa. Toboa kila boksi tundu moja kwa mbele, la kuingia mdomo wa chupa. Makabati mengi ya upande wa Wamarekani Kituoni yana tundu la namna hiyo, ili pua ya mtungi iingizwe bila kufungua mlango na kuukaribishia moto hewa mpya. Chupa tupu ndizo mitungi. Usitumie moto wa kweli katika sehemu hii, wala moshi, wala karatasi inayofuka. Nimesikia waliojaribu kuchoma ubani ili lipatikane "moshi kidogo". Kilichopatikana ni darasa linalokohoa na kucheka.

Sasa feni. Wanafunzi wote wasio katika zoezi wakae pembezoni na wavume kwa midomo iliyofungwa, mmmmm, bila kukoma. Hiyo ndiyo sauti ya feni. Weka swichi ya karatasi ukutani katika kila chumba. Anayeigusa anasema "Feni!" na mvumo wote unakatika papo hapo. Ule ukimya unaoangukia chumba wanafunzi hawausahau.

Majukumu ni haya: kamanda mmoja; wawili wa kupima hewa; wawili wa mitungi; mmoja wa umeme; mmoja wa njia, anayesimama kati ya moto na vyombo na kuhesabu watu. Wa nane anakaa nje ya mlango na ndiye sauti ya ardhini. Wengine wanashika saa.

Na sheria moja ya mwili: kila mtu awe na mkono mmoja umeshika kitu muda wote, dawati au ukuta. Angani ukifungua mtungi bila kujishikiza, gesi inakwenda mbele na wewe unakwenda nyuma.

Mzunguko wa kwanza: waya unaofuka

Mpe kwa siri mmoja wa mitungi kadi yenye namba ya kabati. Yeye ndiye wa kwanza kunusa. Kisha utaratibu uende hivi, na usimruhusu mtu kuruka hatua.

Aliyegundua anapiga kelele: "Moto! Chumba cha pili, kabati la tatu!" Anabonyeza king'ora. Waeleze kwamba vitambua moshi vya angani haviwekwi darini kama hapa kwetu, kwa kuwa moshi haupandi. Vinawekwa kwenye njia ya hewa inayovutwa na feni. Kwa hivyo feni inayolisha moto ndiyo hiyohiyo inayoupeleka moshi kwenye kitambuzi. Ikishatoa habari, kazi yake imekwisha.

Feni zikatwe. Kituoni king'ora cha moto kinazikata zenyewe, lakini wanaanga wanahakikisha, na ninyi mhakikishe: mwenye umeme anagusa swichi, mvumo unakatika. Ukiona mwanafunzi amekimbilia chupa wakati feni bado zinavuma, simamisha zoezi, rudisha wote mwanzo. Wataghafilika mara ya kwanza, karibu wote. Si kosa lao. Kila picha ya zimamoto waliyoiona inaanza na mtungi au mpira wa maji.

Wote wakusanyike upande ambao vyombo vyao havijakatwa na moto, wavae barakoa, wahesabiwe. "Saba, Kamanda!" Kuhesabu kusiwe kwa kukisia, kila mmoja aitike kwa jina. Barakoa za kweli zina oksijeni yake ndani, na lazima iwe hivyo, kwa sababu baadhi ya mitungi ya Kituoni ni ya hewa ukaa. Mtungi unaouzima moto unaichafua hewa ya wazimaji, wala hakuna dirisha la kufungua.

Wapimaji waende wawili wawili, kamwe si mmoja. Wewe mwalimu una bahasha zenye kadi za "kaboni monoksaidi", gesi ya sumu inayotoka kwenye kitu kinachoungua: ndogo, wastani, kubwa. Wakisimama mbele ya kabati wanakuonyesha, nawe unawapa kadi. Kipimo kinachopanda kinawaambia wanaukaribia. Moto wa angani mara nyingi hauonekani, uko nyuma ya kabati, ni waya uliopata moto na plastiki yake inafuka. Wanautafuta kwa namba, si kwa macho.

Kabati likipatikana, mwenye umeme analikatia umeme. Moto wa waya uliokatiwa umeme na upepo mara nyingi hauna tena cha kuushikilia. Wapime tena. Ikiwa kadi bado ni kubwa, ndipo mtungi: pua kwenye tundu, mkono mmoja umeshika dawati, na mtungi unamwagwa wote, haukatizwi nusu. Wapime mara ya tatu.

Ikishindikana, watu watoke chumbani na mlango ufungwe. Kamanda ana mawili yaliyobaki: kutoa hewa ya chumba kile chote nje, au kuwapeleka watu kwenye vyombo na kuondoka. Hayo ni ya mwisho kabisa, lakini lazima ayatamke kwa sauti ili wote wajue yapo.

Mzunguko wa pili: harufu bila mwali

Safari hii kadi inasema tu: "Harufu kali." Hakuna moto. Usiwaambie.

Tarehe 18 Septemba 2006 mtambo wa Kirusi wa kutengeneza oksijeni, Elektron, ulipata joto kupita kiasi Kituoni. Harufu ikasambaa, kukadhaniwa kuna moshi. Wanaanga watatu walibonyeza king'ora, feni zikazimwa, wakavaa barakoa na glavu, wakasafisha. Moto haukuwapo. Walifuata utaratibu wote kana kwamba upo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Katika mzunguko huu utawaona wanafunzi wanacheka na kulegea wakishajua hakuna mwali. Angalia nani kavua barakoa kabla wapimaji hawajasema hewa ni safi. Mwandike.

Mzunguko wa tatu: Mir

Huu ni mgumu, na unavunja kanuni niliyoishikilia tangu mwanzo. Ndiyo maana upo.

Tarehe 23 Februari 1997 ndani ya Mir kulikuwa na watu sita, wakati kwa kawaida waliishi watatu. Zamu zilikuwa zinabadilishana. Watu wakizidi oksijeni inahitajika zaidi, na Mir ilikuwa na mitungi maalumu ya kemikali ambayo ikiwashwa hutoa oksijeni. Mmoja uliharibika, ukawa unatema mwali mkali kama wa tochi ya kuchomelea vyuma, pamoja na cheche. Kitu hicho kinajitengenezea oksijeni chenyewe. Ukizima feni umepunguza kuenea kwa moshi, lakini mwali hauna habari nawe.

Mambo mengine yalikwenda vibaya pia. Kulikuwa na vyombo viwili vya kurudia, na moto ulikuwa umekaa kwenye njia ya kufikia kimojawapo. Watu watatu walikatwa na chombo chao. Kulikuwa na vizimamoto ambavyo bado vimefungwa ukutani kwa mikanda ya safari, havikung'oka upesi. Moshi ukajaa kituo kizima. Walichokifanya ni kupambana na pale moto ulipokuwa ukielekea, kuulinda ukuta wa chombo usitobolewe na joto, mpaka kemikali ikaisha. Wote sita walinusurika.

Kwa zoezi, weka kabati la moto kwenye mlango wa kuelekea viti vitatu. Fungia chupa mbili kwenye mguu wa dawati kwa kamba yenye fundo gumu, bila kuwaambia. Feni zikizimwa, wewe endelea kuwapa kadi ya "kubwa" kwa dakika tatu kamili, hata wamwage chupa ngapi. Usiwasaidie. Mtazame kamanda: je, ataelewa kwamba huu hauzimiki kwa njia ya kawaida, na kwamba kazi sasa ni kuzuia usile kingine na kujua watu watatu wale wako upande gani? Mzunguko huu huonyesha nani anafaa kuwa kamanda, na mara nyingi si yule aliyejitolea wa kwanza.

Kuhesabu matokeo

Wenye saa wasome: sekunde ngapi kutoka ukelele wa kwanza hadi ukimya wa feni, ngapi hadi "Saba, Kamanda!", nani alitenganishwa na chombo chake, nani alivua barakoa mapema, mara ngapi mtu aliachia mikono yote miwili. Usitoe alama za ujumla. Linganisha mzunguko na mzunguko tu, waone kipi kilipungua.

Ukiweza, mwalike ofisa wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi akae pembeni tangu mwanzo, si kuja kufunga kwa hotuba. Mwombe awaonyeshe mtungi wa kweli na pini yake, kisha awaambie wapi hatua zao zinatofautiana na za chumba cha kawaida: hapa chini moshi unapanda, kwa hivyo mtu anatambaa, mlango wa nje upo, kwa hivyo mtu anatoka kwanza. Tofauti hizo lazima zisemwe wazi, asije mtoto akakumbwa na moto jikoni akaanza kutafuta swichi ya feni badala ya kukimbia.

Mwisho, mshumaa utiwe kwenye ndoo ya maji, skrubu ing'olewe kifunikoni, na fundo la zile chupa mbili lifunguliwe na yule aliyelalamika kuliko wote.